Jinsi ya kuitambua mugwort porini (pindua jani kwanza)

Kwa nyie mlioko Uingereza au Marekani upande wa mashariki, mugwort, yaani Artemisia vulgaris, ndugu yake pakanga, wala huhitaji kuifuata msituni, labda unapishana nayo kila siku ukienda stesheni. Inapenda ardhi iliyovurugwa: kando ya reli, viwanja vilivyotelekezwa, kingo za mito, nyuma ya fensi za paking. New York imejaa kibao. Asili yake ni Ulaya na Asia, Marekani ilifika tu ikageuka gugu sugu, maana mizizi inatambaa chini kwa chini na kipande kidogo kikibaki kinachipua upya, ndo maana huikuti imesimama peke yake, ni kundi zima.

Sasa kuijua. Achana na urefu kwanza, shika jani ulipindue. Juu kijani kilichokolea, chini jeupe la kifedha lenye vinyweleo laini, ukipitisha kidole ni kama flana. Kama chini nako ni kijani, achia, siyo yenyewe. Na kama ni jeupe pande zote mbili hapo huenda umeshika ndugu yake, Artemisia absinthium, ile chungu haswa. Halafu lisugue unuse, lazima litoe harufu kali ya majani ya dawa.

Shina lina mistari mistari, mara nyingi limeiva wekundu wa zambarau, linafika mita 1 hadi 2. Kinachowachanganya watu ni kwamba majani ya chini ni mapana yamechanika pande zote mbili za mshipa wa kati, ila ukipanda juu yanakuwa membamba tu, unaweza kudhani mimea miwili. Maua ya Julai mpaka Septemba ni vidoti vya kahawia, hata hayavutii. Winta mabua makavu yanabaki yamesimama, hapo weka alama urudi Aprili machipukizi yakitoka.

Inayofanana nayo sana ni gugu jingine liitwalo ragweed, hiyo jani lake ni kijani juu na chini na limechanika vipande vidogo vidogo zaidi. Ya kuogopa ni mmea uitwao aconite, sumu mbaya sana, jani lake limegawanyika kuanzia sehemu moja kama kiganja, chini siyo jeupe na halina ile harufu. Programu ya simu ya kutambua mimea peke yake mi siiamini kwa hili.

Shida ni kwamba inakoota kwa wingi ndo kwa kutochuma: reli inapigwa dawa za magugu na viwanja vya zamani vya viwanda udongo wake mara nyingi una madini ya risasi (lead), ni sumu. Tafuta ya ukingo wa shamba au mto msafi. Mjamzito asiiguse kabisa kwa kunywa, na mwenye aleji ya chavua awe makini, hasa kama selari (celery, ile mboga) nayo inamsumbua. Ukiichuma kata juu tu, mizizi usiipeleke kwenye bustani yako, kuitoa humo ni kesi nyingine.