Kabla mtoto hajaanza matibabu ya saratani ya figo

Beba picha za ultrasaundi zenyewe, siyo karatasi ya majibu tu. Kadi ya kliniki, kadi ya bima, kipimajoto. Dar si lazima kwa kila dripu ya dawa za saratani. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina kituo cha saratani tangu 2016.

Tumbo la mtoto lisibonyezwe na mtu yeyote. Uvimbe wa Wilms, yaani saratani ya figo inayowapata zaidi watoto wadogo, ukipasuka husambaza ugonjwa tumboni. Na kila shangazi atataka kupapasa. Wangu nilimshonea kitambaa kwenye fulana: "Usinibonyeze tumbo." Shona na wewe.

Muulize daktari mapema: ni figo moja au zote mbili? Ikiwa moja, na ya pili ni nzima, mara nyingi hiyo mbovu hutolewa yote. Zikiwa zote mbili, dripu hutangulia, wiki 6 hadi 12, uvimbe usinyae ndipo ukatwe na figo ibakizwe kadiri inavyowezekana. Hapa ndipo tulipokosea, soma polepole.

Wangu alikuwa na miaka mitatu, figo zote mbili. Wiki ya nne tumbo lililokaza kama ngoma likalegea, sketi ikaanza kumvuka. Tukamshukuru Mungu. Kahawa ilikuwa imeiva kule Kibosho na nauli imekata. Baba mkwe akasema, "Mama, mtoto si ameshapona? Mpumzisheni na sindano." Tukaruka wiki tano. Jioni moja namwogesha, mkono ukagota kitu ubavuni kushoto, kigumu kama parachichi bichi.

Figo ya kushoto ilitolewa yote. Ya kulia ilibaki kipande. Daktari hakutufokea, alinichorea figo mbili kwenye karatasi, akapaka wino pale palipobaki. Padogo. Ile karatasi ninayo.

Kwa hiyo nauli ya mizunguko yote itafutwe kabla ya dripu ya kwanza, na pa kulala mjini. Kahawa watachuma wengine.

Vinkristini, moja ya dawa hizo za saratani, hufunga choo, sema mapema. Joto likipanda, usingoje kukuche. Akimaliza matibabu, presha na mkojo vipimwe kila kliniki. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni usimpe kabla ya kumuuliza daktari, ingawa dukani watakuuzia tu. Mitishamba vilevile, hata aliyoileta bibi kwa upendo. Na akianza kuhara au kutapika, mnyweshe maji huku mnaelekea hospitali.