Namna ya Kuihoji Tiba Unayopendekezewa Hospitalini

Kabla ya kukubali tiba katika kituo chochote mkoani Mtwara au Lindi, fahamu kwanza jinsi kituo hicho kinavyolipwa kwa ajili yako. Mahali ambapo bima hulipia kila huduma, kila kipimo, dawa na siku ya kulazwa huwa na bei yake, na kituo kinachofanya mengi hudai mengi. Pale ambapo kituo hupewa kiasi kilekile kwa kila mtu aliyeandikishwa, kishawishi hugeuka kuwa kufanya machache na kuchelewesha rufaa. Hospitali ya serikali haijaepukana na jambo hili, maana nayo huendeshwa kwa sehemu na makusanyo yake.

Tuchukue malaria, ambayo huku kusini haimpigii mtu hodi mara moja tu. Kipimo cha haraka kikionyesha vimelea, nawe unaweza kumeza na huna dalili za hatari, tiba ya kawaida ni vidonge vya dawa mseto kwa siku 3. Sindano ya artesunate ni ya malaria kali. Ukiambiwa ulazwe uchomwe, uliza kwa adabu: "Daktari, ni dalili gani inayoonyesha kwamba malaria yangu ni kali?" Dalili zenyewe hutajika, kama vile degedege, kupoteza fahamu, kutapika kila kitu au upungufu mkubwa wa damu. Ukitajiwa mojawapo, lazwa bila ubishi.

Fanya vivyo hivyo kwa taifodi. Kipimo cha damu kiitwacho Widal mara nyingi humtia hatiani asiyeugua, na uthibitisho wa kuaminika zaidi ni kuotesha vimelea kutoka kwenye damu. Kwa maoni yangu, Widal ni kipimo cha bei ndogo kinachozaa dozi za bei kubwa.

Kwa upasuaji usio wa dharura, omba maelezo ya maandishi kisha utafute maoni ya daktari wa kituo kingine, iwe hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ambaye hatanufaika kwa wewe kupasuliwa kule ulikotoka. Mjamzito aliyekwama katika uchungu asisubirishwe kwa maswali haya.

Mwisho, usisaini fomu ya madai ya bima ikiwa tupu. Isome, na huduma usiyoipata ikiwa imeandikwa, omba ifutwe mbele yako. Wakikataa, ipeleke taarifa katika ofisi ya bima ya mkoa.