Mtoto anayeanza kupotoka: namna ya kumwona mapema, kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili

Walimu wenzangu wa mialoni, yaani fukwe za kushushia samaki za Ziwa Victoria huku Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igombe, andaeni daftari dogo, daftari la mahudhurio na mwezi mmoja wa subira.

Hatua ya 1: Andika ulichoona. "Mkorofi" halimsaidii mtu. Andika: "Jumanne, baada ya uji, kampiga mwenzake tumboni, kisa penseli." Weka na kilichotangulia.

Hatua ya 2: Soma mahudhurio pamoja na mwezi. Hapa sisi wa ziwani tuna kipimo ambacho mwalimu wa Dodoma hana. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wengi hupumzika. Mtoto anayepotea siku za giza na kurudi wakati wa mbalamwezi, huenda yuko mwaloni anaanika dagaa. Huyo usimwite mtoro upesi. Pengine ndiye anayeleta mboga nyumbani. Uliza anashinda na nani huko, na hela anayopata inaishia wapi. Lakini anayeaga kwao kila asubuhi, shuleni asifike, giza au mbalamwezi, mfuatilie wiki hiyohiyo.

Hatua ya 3: Ondoa ugonjwa. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Kichocho, ambacho kwetu si kigeni, huchosha mwili na kupunguza damu. Njaa nayo hugombanisha.

Hatua ya 4: Pima uzito wa kosa. Kuiba penseli mara moja ni utoto tu. Mimi hushtuka tabia ileile ikionekana darasani, uwanjani na nyumbani kwa miezi, hasa kuumiza watoto au wanyama bila kujali. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Terrie Moffitt aliwatenganisha wachache wanaoanza ukorofi utotoni na kuendelea, na wengi wanaoanza ujanani kisha wakaacha. Lipo pia dodoso la daktari wa akili Robert Goodman la 1997, la kupima tabia na hisia za mtoto, lenye vipengele 25. Mwalimu na mzazi wajaze kila mmoja lake. Majibu yakipishana, msibishane. Tafuteni kinachobadilika kati ya nyumbani na shuleni.

Hatua ya 5: Nenda kwa mzazi, bila mashtaka. "Shikamoo mama. Mwanetu hesabu anaziweza, ila wiki hii kapigana sana. Nyumbani yukoje?" Ukitanguliza kosa, jioni mtoto atachapwa, na wewe hutaambiwa kitu tena.

Hatua ya 6: Jua pa kumpeleka. Ukiona alama za kipigo, dalili za kuingiliwa, au ukasikia analala mwaloni, usichunguze peke yako. Mwone afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni bure. Kumtishia jela mtoto huyu ni upuuzi: kwa sheria yetu, aliye chini ya miaka 10 hashtakiwi kwa jinai.

Daftari lako lifungie kabatini. Wenzake wakilisoma, jina la "mwizi" litamfuata hadi darasa la saba.