Muundi ukiuma: mazoezi ya mkimbiaji wa Shela, Lamu

Kwanza bonyeza mfupa kwa kidole, upande wa ndani wa muundi. Uchungu ulioenea urefu wa kiganja kwa kawaida ni wa kuongeza kilomita ghafla. Ukiwa mahali pamoja tu, au ukiuma hata usiku umelala, huenda mfupa umepata ufa: acha kukimbia, nenda hospitali. Picha ya eksirei ya siku za mwanzo huenda isiuonyeshe ufa huo, kwa hiyo usishangilie mapema.

Wakati unapona, kimbia majini. Vaa jaketi la kuokolea, ingia mpaka miguu isiguse chini, simama wima, inua magoti na usukume maji nyuma. Wengi huinamia mbele, wakaishia kuogelea tu. Anza polepole dakika 5, kisha dakika 2 kwa nguvu na 1 ya kupumzika, mara 8. Usifuate saa ya mapigo ya moyo, majini husoma chini. Pima kwa pumzi. Chagua maji yaliyosimama, yakiisha kujaa au yakiisha kupwa, kabla hayajageuka, tena usiende peke yako: mkondo wa Lamu hauna mzaha, hasa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana.

Ukiweza kutembea dakika 30 bila maumivu, rudi mchangani: kimbia dakika 1, tembea 4, mara 6, siku moja ndiyo, moja hapana. Kimbia maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu na tambarare. Yakijaa hubaki mchanga laini wa mteremko. Kisigino huzama, na shavu la mguu huvutwa kupita kiasi.