Shoti ya bodi ya TV: namna ninavyoisaka bila kubahatisha

Mama mmoja muuza vitumbua aliniletea TV ya inchi 32, ameifunga kwa khanga. "Mwanangu, hii imeshalala kwa mafundi wawili, na kila mmoja kabadilisha kitu." Nikaichomeka. Taa nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na kwa ndani bodi ya pawa, ile inayogawa umeme ndani ya TV, inalia tik, tik, tik. Kufungua, nakuta aisi (chipu) mpya, kepasita (vihifadhi vya chaji ya umeme) tatu mpya, na risasi ya kulehemu imemwagwa kama uji.

Ule mlio wa tik ulitosha kuwaambia mafundi wale kwamba upande wa umeme mkali wa pawa huenda ni mzima. Inaamka, inakutana na mzigo usiobebeka, inajizima kujilinda, kisha inajaribu tena. Ingekuwa fyuzi imelipuka na kioo chake kimekuwa cheusi, hapo ningeanzia upande wa umeme mkali: daiodi nne za kuingilia umeme na mosfeti (swichi ya kielektroniki ya pawa). Fyuzi ikiwa nzima na TV inalia tik, shoti tafuta mbele ya transfoma, yaani upande unaotoa volti ndogo.

Kabla hujagusa chochote, chomoa waya ukutani na upime kepasita kubwa ya bodi ya pawa. Ile hubeba volti 320 hivi, na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Mimi huimaliza kwa balbu iliyo kwenye holda yenye waya mbili. Dogo anayejifunza kwangu aliwahi kutumia bisibisi. Ncha ililika na naye akarudi nyuma hatua tatu.

Sasa mita. Weka kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme; karibu na sifuri ndiyo dalili ya shoti), usiweke kwenye mlio. Mafundi wengi wanapotezwa na mlio, maana mita nyingi hulia hata kwenye omu 30, na si kila kinacholia ni shoti. Laini (njia ya umeme) inayolisha prosesa, ubongo wa TV, ile ya volti 1 na kidogo, kwa kawaida husoma omu chache tu kwenda graundi (upande hasi wa bodi) ikiwa nzima kabisa. Nimeshaona prosesa nzima inang'olewa kwa kosa hilo. Kwanza gusanisha ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi. Zangu husoma 0.2.

Kwenye TV ya mama, laini ya volti 5 ilikuwa salama. Ya volti 12 ikasoma 0.4. Toa 0.2 ya waya, inabaki 0.2, na hiyo ni shoti kamili. Nikachomoa waya unaotoka pawa kwenda mazabodi, yaani bodi kuu ya TV: upande wa pawa ukawa safi, mazabodi ikabaki 0.4. Nikachomoa na utepe unaokwenda kwenye kioo, namba haikusogea. Hapo nikashusha pumzi, kwa sababu namba ingepanda, ugonjwa ungekuwa kule kwenye kioo au bodi yake, na kioo kikifa huwa namwambia mwenye TV ukweli mapema: bei yake inakaribia TV nyingine.

Kwenye mazabodi, volti 12 inapita kwenye kepasita ndogo za kauri zaidi ya kumi, zote zimeungana. Ukipima yoyote, zote zinasoma shoti. Kung'oa moja moja ni kazi ya jioni nzima na unaweza kubandua njia za shaba. Basi mimi hutumia joto.

TV ikiwa imechomolewa, nikaweka saplai ya mezani (chanzo cha umeme unachokipangia volti na ampia) kwenye volti 1, nikaifunga isivuke ampia 2. Chanya kwenye laini ya volti 12, hasi kwenye graundi. Volti zikaanguka hadi 0.4 na ampia zikasimama kwenye 2. Umeme wote ule unapita mahali pamoja tu. Nikadondosha spiriti juu ya bodi, ikatanda na kung'aa, nikainamia kwa tochi. Baada ya sekunde chache doa moja likakauka, mduara mdogo kama wa kidole kwenye vumbi, katikati yake kepasita ya kahawia isiyofika nusu ya punje ya mchele. Nikaigusa: ya moto.

Sheria hapa ni moja: usizidishe volti za laini yenyewe. Laini ya volti 1.1 usiipe 1.5, utaua prosesa iliyokuwa nzima. Na usisahau kufunga ampia. Spiriti inashika moto, kwa hiyo pasi ya kulehemu ikae mbali mpaka bodi ikauke.

Nikaing'oa. Mita ikapanda kutoka 0.4 hadi zaidi ya omu 3,000. Kepasita hizi haziandikwi kitu, kwa hiyo nikachukua mwenzake kwenye bodi chakavu, laini hiyo hiyo ya volti 12, ya maikrofaradi 10 na volti 25.

Jaribio la kwanza usilifanye moja kwa moja ukutani. Pitisha umeme wa TV kwanza kwenye balbu ya zamani ya wati 100, ya waya, si ya LED. Ikiwaka kwa nguvu na kuganda hapo, bado kuna shoti. Yangu ikamulika mara moja, ikafifia, na taa nyekundu ikatulia.

Nilimpa mama ile kepasita kwenye karatasi. Akaigeuza juu ya ncha ya kidole, akaniangalia. "Elfu kumi na tano, kwa hiki?"

"Hicho ni shilingi mia, mama. Zilizobaki ni za kukitafuta."

Akacheka, akafungua pindo la khanga.