Marudio ni ya nani? Namna ya kupanga mgao na kuchenjua dhahabu kwenye kikundi cha wachimbaji wadogo Chunya

Kwenye machimbo ya Makongolosi na Matundasi, hasara kubwa ya kikundi mara nyingi haipatikani shimoni, inapatikana karashani, kwenye mashine ya kusaga mawe. Zebaki hukamata dhahabu iliyoachana na jiwe tu, na mara nyingi haifiki nusu. Inayobaki huondoka na marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, kisha anayeyamiliki huyapeleka kwenye sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, na kuvuna peke yake. Wanaoponda mawe kwa malipo ya ndoo, wengi wao kina mama, hawapati chochote humo.

Kwa hiyo anzeni na mkataba kabla ya jiwe la kwanza kutoka. Leseni ya uchimbaji mdogo hupewa Mtanzania na hudumu miaka 7. Kama si yenu, andikeni fungu la mwenye leseni, la mwenye duara (shimo la kuchimbia), la wachimbaji na la waponda mawe. Andikeni pia kama gharama za dizeli na matimba, yaani magogo ya kuegemeza shimo, zinakatwa kabla ya mgao au baada yake, maana ugomvi mwingi huanzia hapo. Mstari wa marudio ukae peke yake: ni ya nani, na yatauzwaje. Mkataba usomwe kwa sauti mkutanoni, saa ambayo wenye watoto wanaweza kufika, na mwakilishi wa waponda mawe atie sahihi.

Karashani, sageni hadi unga usikwaruze ukiusugua vidoleni. Ukiwa na chenga, dhahabu inabaki ndani ya jiwe na hakuna dawa itakayoifikia. Pale mwaloni, kwenye mfereji wa mteremko uliotandikwa mazulia ya kunasa dhahabu, mteremko mkali husomba dhahabu laini. Ukilala mno, mchanga huziba zulia. Suuzeni mazulia mara kwa mara, msisubiri jioni.

Zebaki isitiwe kabisa kwenye karasha. Hukatika vipande vidogo mno, ikatoka na maji, na kuondoka na dhahabu yenu. Itieni kwenye mchanga mzito wa zulia tu, ndani ya beseni. Kuchoma dhahabu iliyoshikana na zebaki kufanyike kwenye chombo kilichofungwa chenye bomba linalopoozwa kwa maji, nje, mbali na jiko, watoto na wajawazito. Kisifunguliwe kabla hakijapoa, mvuke wake hauonekani. Zebaki inayorudi hutumika tena. Marudio yenye zebaki yasiende moja kwa moja kwenye sianidi, kwani sianidi huiyeyusha zebaki na kuisambaza kwenye maji.

Kabla ya kuuza marudio, pimeni. Chukueni sampuli sehemu nyingi za lundo, juu, katikati na chini, changanyeni, gaweni mafungu manne sawa, chukueni robo mbili zinazotazamana, rudieni hadi ibaki kama kilo 2, mpeleke maabara. Sampuli ya juu peke yake hudanganya. Kipimo kikisema gramu 5 kwa tani, lundo la tani 20 lina gramu 100. Hazitoki zote, lakini sasa mna namba ya kuzungumzia bei.

Dhahabu iuzwe kwenye soko la madini Chunya, wajumbe wawili wakishuhudia mizani na kipimo cha usafi. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vionekane kwenye hati. Nakala ibandikwe mahali kila mwanakikundi atakapoiona, halisi itunzwe. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kikiomba mkopo usio na riba wa halmashauri, hati hizo ndizo zinazoonyesha mapato yake.