Somo: Kubadilisha diski ya rekoda ya kamera za nyumbani, na makosa niliyofanya mwenyewe

Habari zenu wakuu. Nimeona niandike hili maana nimeshaulizwa mara nyingi, mtu ana kamera zake nne zinapiga kazi vizuri tu lakini akitaka kuangalia kilichotokea wiki mbili nyuma anakuta imeshafutika. Hapo kamera hazina kosa, diski ni ndogo, ikijaa rekoda inafuta za zamani ili ipate pa kuandikia mpya. Kufungua mashine na kufunga ni kazi ya nusu saa hata haifiki, watu wanapopotea ni kwenye kuchagua diski kabla, halafu kwenye menyu baada ya kufunga.

Hatua ya 1, piga hesabu kwanza. Usinunue diski kwa kukisia. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uangalie bitireti ya kila moja, yaani kiasi cha data inachotoa kila sekunde, imeandikwa kwa Kbps au Mbps. Mbps 1 ikirekodi saa 24 bila kukata inakula GB 10.8. Kwahiyo kamera nne za Mbps 4 kila moja ni Mbps 16, zidisha kwa 10.8 unapata kama GB 173 kwa siku. Diski ya 1TB hapo haimalizi hata siku sita! Ya 4TB inakupa siku 23 hivi. Ukishaona hesabu hii ndio utajua unataka ukubwa gani, na wengine mtagundua hamhitaji hata diski mpya, mnahitaji tu kuhama H.264 kwenda H.265 (ni namna za kubana video) maana picha ile ile inachukua karibu nusu ya nafasi. Kama rekoda na kamera zote zina hiyo H.265 anzeni hapo, haina gharama.

Hatua ya 2, angalia mashine inakubali diski ya ukubwa gani. Hii ipo kwenye kitabu chake au kwenye ukurasa wa modeli yako. Kuna rekoda za zamani haziendi zaidi ya 2TB, ukiweka ya 4TB ama inaisoma nusu ama haiioni kabisa. Na uangalie ina nafasi za diski ngapi, kama ni mbili huna haja ya kuitoa ya zamani, unaongeza tu.

Hatua ya 3, aina ya diski. Chukua zile zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera, mfano WD Purple au Seagate SkyHawk, inchi 3.5, za SATA (aina ya kiunganishi cha waya). Diski ya kawaida ya kompyuta itafanya kazi, sikatai, ila haikutengenezwa kuandika usiku na mchana mwaka mzima. Mimi ya kwanza niliweka iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, ikaanza kugonga tak tak tak na video zikawa na mapengo ya dakika kadhaa. Na kwa uzoefu wangu mapengo hayo yanaangukia pale pale unapopataka.

Hatua ya 4, toa unachokihitaji. Hapa nawaomba msiruke. Chomeka flashi kwenye rekoda, nenda sehemu ya kuhifadhi nakala, chagua kamera na saa unazotaka, toa. Diski mpya inaingia tupu, haihami na kumbukumbu.

Hatua ya 5, kufungua. Zima rekoda kwenye menyu kwanza, ndio uchomoe waya wa umeme, usichomoe tu diski ikiwa inazunguka. Piga picha ya waya zote za nyuma kwa simu maana baadaye utajikuta kamera ya geti imehamia namba ya sebuleni. Fungua skrubu za mfuniko, ziko nyuma na ubavuni. Gusa chuma cha boksi kabla hujagusa ndani. Diski imeshikwa na skrubu nne zinazoingilia chini, kwahiyo unaishika diski kwa mkono mmoja huku umeinamisha boksi, la sivyo skrubu ya mwisho ikitoka inadondokea kwenye bodi. Kuna waya mbili, wa data mwembamba na wa umeme mpana, vichwa vyote vina umbo la L vinaingia upande mmoja tu. Kikigoma kigeuze, usikilazimishe, kile kiplastiki kikikatika umeingia hasara. Weka mpya, kaza skrubu zote nne, mbili hazitoshi, diski itatetemeka na utasikia mlio usiku kucha.

Hatua ya 6, menyu. Washa, ingia sehemu ya diski, utaiona mpya ila hali yake inasema haijafomatiwa, yaani haijafutwa na kuandaliwa kwa ajili ya kurekodi. Ichague, bonyeza kufomati, subiri. Ya 4TB itaandika GB 3726 hivi, hujaibiwa, ni namna tu mashine inavyohesabu. Kisha hakikisha kufuta za zamani ikijaa kumewashwa, na ratiba ya kurekodi ipo kwa kila kamera.

Sasa kosa langu la pili. Nilimfungia jirani, picha zikaonekana laivu kwenye tivii, tukapeana mikono nikaondoka. Siku kumi baadaye gari limemgongea geti, kufungua kumbukumbu hamna kitu, sikufomati. Picha ya laivu haitegemei diski wakuu! Siku hizi siondoki mpaka nimesubiri dakika kumi nikarudisha nyuma nikaona mwenyewe ninavyopita na bisibisi mkononi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu naweza kuweka SSD, zile diski zisizozunguka? Ninayo imekaa tu.
Jibu: Kama mashine inaikubali itarekodi, ila SSD za kawaida zina ukomo wa kuandikwa na rekoda haipumziki kuandika. Iweke kwenye laptop uifaidi.

Swali: Nimechomeka diski ya zamani kwenye kompyuta, inaniambia niifomati, nifanyeje??
Jibu: USIKUBALI. Rekoda nyingi zinaandika kwa mfumo wao ambao Windows haiusomi, video zimo humo. Irudishe kwenye rekoda ile ile uzitoe kwa flashi.

Swali: Baada ya kuweka kubwa mashine inajizima na kuwaka kila baada ya muda, diski inalia kama inaanza upya.
Jibu: Naanza kushuku adapta. Diski inapoanza kuzunguka inavuta umeme mwingi kuliko ikishatulia, adapta iliyochoka inashindwa. Tafuta nyingine yenye volti ile ile, ampea zisipungue zilizoandikwa kwenye ya zamani, zikizidi haina shida. Kama bado, kagua kichwa cha waya wa umeme kama kimeingia mpaka mwisho.

Swali: Kaka nikiweka irekodi kitu kikipita tu si nitapata miezi?
Jibu: Inategemea kamera inatazama wapi. Ya stoo sawa. Ya nje yenye mti mbele, upepo ukivuma inarekodi mchana kutwa, na usiku wadudu wanaifuata taa yake. Chora eneo la kuangalia, mti uuache nje.

Swali: Umesahau saa mkuu. Yangu kila nikichomoa umeme inarudi miaka ya nyuma, video zinajipanga ovyo.
Jibu: Kweli kabisa, asante. Hiyo ni betri ya kwenye bodi imekufa, nyingi ni CR2032 kama ya kompyuta. Ukishafungua mfuniko badilisha hapo hapo, halafu rekebisha saa KABLA ya kufomati diski.